Herufi za Mama Zina Matundu

Kutwa nzima najaza miraba. Ndiyo kazi yangu hapa Kilifi: nachora fonti, yaani maumbo ya herufi, kwenye kompyuta, na sasa kuna mteja wa bara anayetaka herufi za kizamani, kama zile za michezo ya video ya utotoni mwetu, za miraba mitupu na zote upana mmoja. I inaachiwa nafasi isiyo na haja nayo, M inabanwa mpaka inakosa pumzi. Hiyo M ameirudisha mara nyingi hadi nimeichukia. Nimechoka, na sioni haya kusema.

Herufi zenyewe sikuzibuni, ni za mama. Yeye alifuma vitambaa vya makochi kwa kroshia, na maneno akayafuma humohumo, herufi moja baada ya nyingine: mraba huu anaujaza uzi, ule anauacha tundu, mpaka neno litokee. Mtaani kwetu binti haingii nyumbani kwa mumewe bila vitambaa vya mkono wa mamake. Dada yangu anaolewa mwezi ujao. Lakini mkono wa kulia wa mama ulipooza masika yaliyopita, na kitambaa cha dada, kilichokusudiwa kuandikwa AMANI, kimekomea kwenye A ya kwanza. Macho nayo yamefifia. Siku hizi mama anavisoma vitambaa vyake kwa vidole.

Nikajiona mjanja. Nikaiandika AMANI kwa fonti yangu, nikaenda kuichapisha Mtwapa kwenye kitambaa cheupe kizuri, nikamletea.

"Shikamoo, mama. Kitambaa tayari."

"Marahaba, mwanangu." Akakipapasa kwa mkono wa kushoto, akarudia tena. "Matundu yako wapi?"

"Hakina matundu, mama. Ni wino. Lakini herufi ni zako."

"Mimi naona shuka tu."

Hakunilaumu. Alikikunja taratibu kwa mkono ule mmoja, akakiweka kando, akageuza uso ukutani. Afadhali angenitukana.

Nikakitoa kapuni mwa mama kile kitambaa kilichokomea kwenye A, na sindano yake ya kroshia. "Nitakimaliza mimi," nikasema. Dada alicheka jikoni, mwanamume mzima na kroshia. Mama hakucheka.

"Kaa hapa. Uzi usiukabe."

Akaweka kidole kwenye A yake, akaanza kunielekeza. Iliyofuata, bila shaka, ilikuwa M.

"Jaza. Acha tundu. Jaza. Jaza tena."

Mgongo uliniuma, macho yaliniwasha. Kazi ileile niliyotoka kuifanya kutwa nzima. Nilipofika ukingoni mwa M, mama akaipapasa kwa makini.

"Fumua," akasema.

Nikafumua. Nilikuwa hoi kabisa, na kitu pekee nilichokiogopa ni kwamba angesema basi, imetosha.