Mshahara Uliokula Majani Isongole

Maduka ya Tukuyu yalipoanza kujaa vitu, walimu tulichanganyikiwa. Miaka ya foleni hela ilikosa cha kununua. Sasa vitu vilituchungulia kutoka kila rafu. Mume wangu, naye mwalimu, akachukua redio kaseti kwa mkopo. Ilipiga vizuri, sikatai. Lakini kila mwisho wa mwezi mwenye duka alitutangulia kwenye mshahara.

Mimi hela ya mkononi siiamini. Ikilala ndani ya nyumba, mashemeji wanaisikia harufu. Kwa hiyo malimbikizo yangu yalipotoka nilipanda hadi Isongole, kijiji cha milimani, nikanunua ng'ombe mtamba asiyezaa bado, nikamwachia mjane mmoja mkulima wa viazi anifugie kwa desturi ya kwetu: maziwa na samadi vyake, ndama wa kwanza wangu, wa pili wake. Ofisini walimu walicheka hadi machozi, mume wangu akiongoza. Wakaniita Mama Mifugo. Nikawaacha, kwani kicheko hakipunguzi maziwa.

Miaka ikapita, binti yetu akachaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Ada za shule zilikuwa zimerudishwa, na juu yake godoro, sanduku na sare. Mwezi huo mshahara ukachelewa. Mume wangu alizunguka kwa kila mtu aliyemfahamu mjini, akarudi mikono mitupu. Binti asiporipoti kwa wakati, nafasi yake ingepewa mwingine. Nilimkuta nyuma ya migomba akilia, na moyo uliniuma sana.

"Nyamaza, mwanangu," nikamwambia. "Ada yako ina pembe."

Kesho yake tulipanda Isongole, mimi na baba yake. Ndama wa kwanza alikuwa dume zima, shingo nene. Mjane akanikabidhi kamba, akanishukuru kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, mwalimu. Mchukue huyu. Mama yake mwache, ana mimba tena, na safari hii ni zamu yangu."

Tukamswaga hadi mnadani, mimi mbele na kamba, mume wangu nyuma na fimbo, amevaa viatu vyake vya kufundishia. Matope hayakumwonea haya. Binti aliripoti siku aliyotakiwa, godoro jipya kichwani, na nilirudi nyumbani nikiimba.

Mshahara ulipotoka, mume wangu alizima redio, akakohoa, akaniuliza kama yule mama wa Isongole bado ana nafasi zizini.

"Anayo," nikamjibu. "Ila redio hapokei."