Boti Mpya Tuliyoiogopa

Nakumbuka asubuhi tuliyoishusha boti yetu kwenye lori hapa hapa Lizaboni, Songea, mbele ya nyumba hii. Ziwa Nyasa liko mbali, safari ya siku nzima kupitia Mbinga, na mtaani kwetu hakuna maji ya kuogelea hata bata, lakini boti ikashushwa. Babu yako alitaka majirani waione kwanza. Nami nilitaka kuliko yeye, nisimsingizie marehemu.

Mjukuu wangu, umeniambia unataka kununua boti mpya ya tanga, uwe unawatembeza wageni kule Mbamba Bay, na umeuliza kama kweli inastahili bei wanayokutajia. Umeniuliza kwa sababu unajua niliwahi kuwa nayo. Nitakujibu, ila nitaanzia kwenye kosa langu, maana hilo ndilo ninalolijua vizuri.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Tulikuwa tumezoea kupanga foleni ya sabuni na sukari, mara maduka yakajaa vitu ambavyo hatukujua hata majina yake. Ofisi aliyokuwa karani babu yako ikapunguza watu, naye akarudi nyumbani na kiinua mgongo. Mimi nilikuwa nauza dagaa sokoni. Nilikuwa nikiwafuata mwenyewe Mbamba Bay kwa lori, na nilijua kwamba vijiji vya ufukweni visivyo na barabara vilikuwa na dagaa wengi kwa bei ndogo. Aliyekuwa na chombo ndiye aliyewapata. Kwa hiyo kununua boti halikuwa wazo la kipumbavu. Upumbavu ulikuja baadaye.

Pale Mbamba Bay alikuwepo Mzee Stefano, fundi wa boti za mbao. Nilikuwa nikifikia kwake, na mke wa mwanawe, Skola, ndiye aliyekuwa akinipikia. Mzee alikuwa na boti yake ya mbao, imetumika miaka mingi, akakubali kutuuzia kwa bei isiyofika hata nusu ya boti mpya. Alinionyesha bila kuficha mahali inapovuja na jinsi anavyopaziba. Babu yako akaelekea kukubali. Mimi nikakataa. Nikamwambia kwamba maisha yangu yote nimevaa, nimelalia na nimepikia vitu vilivyotumiwa na wengine, sasa nataka kimoja ambacho nitakuwa wa kwanza kukigusa. Akanisikiliza, akaenda Dar es Salaam, akarudi na boti ya faiba, nyeupe, na tanga lake jekundu limekunjwa ndani ya mfuko. Kiinua mgongo chote kikawa kimekwisha.

Unajua tulivyo sisi watu wa huku. Mtu akinunua baiskeli mpya haondoi nailoni iliyozungushiwa kwenye fremu. Inakaa mpaka jua liichakaze yenyewe, na mtoto akiichokoa anachapwa. Kochi jipya linafunikwa vitambaa, kisha vitambaa vinafunikwa nailoni, na mgeni anakalia nailoni. Basi boti yetu ilikaa uani wiki tatu chini ya turubai. Kila aliyekuja nilimchemshia chai, nikamfunulia turubai. Dagaa hawakufuatwa wiki hizo tatu, na sikujali.

Tulipoifikisha ziwani hatimaye, sitaki kukudanganya, ilikuwa boti nzuri. Ilikuwa nyepesi, watu wawili waliivuta hadi mchangani. Haikuvuja hata tone. Upepo mdogo tu uliipeleka mbio, na kijiji ambacho mtumbwi ungekifikia baada ya saa nne, sisi tulikifikia kwa saa moja na nusu. Atakayekwambia vitu vipya havina faida, mwulize kama amewahi kuwa navyo.

Ila nilinunua mnyororo. Kila tuliporudi Songea na mzigo, niliupitisha kwenye tundu la mbele la boti, nikauzungusha kwenye shina la mti, nikafunga kufuli, nikaondoka na ufunguo. Mzee Stefano aliniona siku ya kwanza.

"Mama Tadei, huku kwetu chombo hakifungwi," aliniambia. "Mwenye mgonjwa akija, anachukua kilicho karibu. Akirudi anamwambia mwenyewe."

"Hiyo ni mitumbwi, baba," nikamjibu. "Hii ni mpya."

Akarudi kwenye kazi yake. Alikuwa mtu mzima wa kutosha kujua kwamba sikuwa nikisikia.

Masika yale barabara ilikatika. Lori halikupita siku tisa, nami nikawa nimekaa Songea nauza akiba niliyokuwa nayo. Lilipopita nikafika Mbamba Bay jioni, nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Stefano. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akaendelea kupiga randa ubao wake. Skola hakutoka kunipokea. Nikauliza kama amejifungua, maana nilimwacha mimba ikiwa imekomaa, na nilikuwa nimemletea kanga.

Mzee akaweka randa chini. Akanieleza polepole, kama mtu anayetoa taarifa ofisini. Skola alishikwa uchungu alfajiri, mtoto akawa amekaa vibaya. Hospitali ilikuwa mbele kwa njia ya ziwa, na ya nchi kavu haikupitika. Boti ya mzee mwenyewe ilikuwa imeshauzwa kwa mwingine, na chombo cha haraka kilikuwa kimoja tu, changu. Wakaugonga mnyororo kwa mawe, haukukatika. Wakampakia kwenye mtumbwi, mumewe akipiga kasia na wifi yake akichota maji yaliyoingia. Walifika alasiri. Skola alipona. Mtoto, wa kiume, alikuwa ameshafariki.

Nilisimama pale na kanga mkononi. Nikamwuliza kwa nini hawakukata mti. Akasema mti ulikuwa mnene. Nikamwuliza kwa nini basi hawakuikata boti, kipande kile kidogo tu cha mbele penye tundu, dakika mbili kwa shoka.

"Shoka nilikuwa nimelishika," akasema. "Skola mwenyewe ndiye aliyesema hapana. Alisema, boti ya watu, mpya, tukiiharibu tutawalipa nini?"

Kisha akaniambia neno moja tu la kunikemea, na ndilo ninalokupa wewe leo. "Mama Tadei, bei yake mliitoa ninyi, lakini walioiogopa ni sisi."

Mwanangu, niliona aibu, na mpaka leo naiona. Niliingia chumbani kwa Skola nikakaa sakafuni karibu na mkeka wake. Ni yeye aliyenishika mkono, na jambo hilo liliniumiza kuliko kama angenitukana.

Mnyororo niliutupa siku hiyohiyo. Boti ilifanya kazi miaka mingine mitano, ikachubuka, ikagongwa, ikabeba wagonjwa, nyanya, mabati, na hata padre mmoja mnene aliyeogopa maji. Ilipopasuka chini kwenye mawe hakuna aliyejua kuziba faiba, ikabaki ufukweni. Hilo pia ujue. Ya mbao ingezibwa kwa misumari na pamba asubuhi, mchana ingerudi majini.

Sasa nakujibu ulichouliza. Boti mpya inastahili bei yake kama baada ya kuilipia bado utaweza kumwambia jirani aichukue, na usiku ule ukalala. Usiwaulize wauzaji, watakwambia uzito wa tanga. Jiulize mwenyewe: ikichubuliwa na mtu mwenye shida, nitamtazama yeye au nitautazama mchubuko? Kama unajua utatazama mchubuko, hiyo ni ghali mno kwako, hata wakikupunguzia nusu. Nunua iliyotumika, upate fundi wa kuitengeneza, ufanye kazi kwa moyo mwepesi. Siku utakayoweza kununua mpya bila kuiogopa, nunua, nami nitakuja kupanda, japo magoti hayataki.

Mungu akupe riziki, mwanangu, akupe na upepo wa kiasi. Na chombo chochote utakachokuwa nacho, asiwepo mtu atakayepoteza mtoto kwa kukiheshimu.