Kuoga Ziwani

Mama mkwe wangu alinipokea Kamachumu kwa heshima zote, na heshima hizo ndizo zilizoninyima raha. Mimi na mwanawe tulifunga ndoa ofisini Nairobi, bila padri na bila yeye, na tangu hapo kila alipopiga simu alimwuliza mwanawe, "Na mgeni wako hajambo?" Mwaka mzima nikawa mgeni wa mume wangu mwenyewe. Nilivuka mpaka kuja Kagera kwa ajili ya jambo moja tu: nirudi kwetu Kenya nikiwa naitwa kitu kingine chochote.

Mtu mwenye akili timamu angekuja na kitenge na adabu. Mimi nilikuja na buti za kupandia milima. Niko kwenye kikundi cha watu wazima wanaoamka Jumamosi alfajiri kwenda kujichosha porini kwa hiari yao, na nilikuwa nimejipangia siku nzima ya starehe: asubuhi kutembea kwenye miinuko ya Muleba nikitazama ndege, mchana ufukweni Bukoba. Nilimhakikishia mume wangu kwamba mama atafurahi kuona jinsi ninavyopenda kwao.

Niliharibu kabla hata ya chai. Mama alikuwa amechemsha maji kwa kuni, akaweka ndoo bafuni, akasimama pembeni na taulo mkononi. Niliona haya kumsumbua mzee kiasi kile, nikasema kwa Kiswahili changu bora, "Usihangaike, Mama. Mimi leo nitaoga ziwani."

"Ziwani?"

"Ndiyo. Tangu tutoke Nairobi nawaza kuoga tu."

Aliitazama ile ndoo, kisha akanitazama mimi. "Pole sana, waitu," akasema taratibu, kwa neno la kwao la kubembeleza.

Nikaona tumeanza kuelewana.

Tulipokunywa chai nikamwambia kwamba kabla ya ziwa ningependa pia kutembea. Hapo uso wake ulikunjuka. Aliingia ndani, akatoka amevaa gauni la kanisani na kitenge kipya begani, akasema twende. Mume wangu alikuwa kwa fundi na gari tuliloazima, kwa hiyo tukaondoka wawili, yeye mbele, mimi nyuma na fimbo yangu ya milimani. Tulipita kwenye migomba na mibuni, mahali pazuri kabisa, nikaanza kuvuta pumzi ndefu kama tunavyofundishana kwenye kikundi. Kabla sijaitoa tukawa tumefika mlangoni kwa jirani.

Nilikuwa nimesahau kwamba kutembea kuna namna mbili. Kwenye kikundi changu tunatembea tukiwakimbia watu. Mama mkwe wangu hutembea akiwafuata waliko.

Buti zangu zina kamba ndefu zinazopita kwenye matundu mengi mpaka juu ya vifundo, na nyumba za watu zina mikeka safi. Kwa hiyo kila tulipofika nilikaa kizingitini nikifungua kamba, huku wenyeji wamesimama wamenyoosha mikono ya kunisalimia, wakisubiri. Mume wangu alikuwa amenionya kwamba mwanamke hupiga magoti anaposalimia wakubwa. Kwa kuogopa kukosea nikampigia magoti kila aliyekuwa mbele yangu, hata kijana mmoja mdogo kuliko mimi aliyekuwa ameleta mkungu wa ndizi. Maskini alishtuka, naye akaanza kukunja magoti, na mkungu ukamponyoka.

Kisha kililetwa kikapu kidogo chenye buni zilizochemshwa na kukaushwa, ambazo mgeni hupewa atafune polepole huku mazungumzo yakiendelea. Mimi nilizimeza kama vidonge. Nilipoona wanashangaa nikadhani wananisifu, nikaongeza nyingine. Kufikia nyumba ya tatu moyo ulikuwa unanienda mbio na nilikuwa ninacheka peke yangu.

Lakini masikio yalikuwa kazini. Kihaya sikijui, ila neno omugenyi halihitaji mkalimani, na kila nyumba mama alinitambulisha kwa neno hilohilo. Halafu aliongeza maelezo marefu kwa sauti ya chini. Wanawake wa nyumba husika walisikitika, wakanitazama kuanzia shingoni mpaka miguuni, na bibi mmoja akanipigapiga kiganja kunifariji. Nikaamini kabisa kwamba wananionea huruma kwa sababu ya zile buti.

Baadaye njia ilitutoa kwenye migomba, tukatokea uwanda wa nyasi wanaouita rweya. Mbele yetu ardhi ilishuka ghafla, na huko chini kabisa lilikuwepo ziwa lote, na visiwa vyake. Nilisimama. Pia nilikuwa nimechoka, lakini hilo sikulisema. Mama alirudi nyuma, akasimama kando yangu, akatazama chini kwenye nyasi.

"Umedondosha kitu?"

"Hapana, Mama. Naangalia ziwa."

Akanishika mkono kwa huruma ileile ya asubuhi. "Tutafika, waitu. Vumilia."

Nyumba ya mwisho walinipakulia ndizi na maharage juu ya ndizi na maharage nilivyokwisha kula kwingine, na mama akasema tena, omugenyi. Niliumia, wala sitaki kujifanya shujaa. Nilikuwa nimepiga magoti asubuhi nzima na bado nilikuwa mgeni. Ningelia pale pale kama nisingekuwa nimeshiba kiasi kile.

Mchana gari lilipopona, mama akatangaza kwamba anakuja Bukoba na sisi. Nilifurahi, kisha nikaikumbuka nguo yangu ya kuogelea. Ilinifunika kuanzia shingoni mpaka magotini, lakini iliubana mwili bila kuuonea haya. Tulipofika ufukweni nikasubiri mama aingie kwenye salamu na mwanamke mmoja aliyekuwa akikaanga samaki, nikavua kitenge cha kuazima, nikakimbilia majini.

Naogelea kwa staili niliyojifunza kwenye bwawa lenye vigae, ambako maji hayarudishi kipigo. Wimbi la kwanza liliingia mdomoni, la pili likanigeuza, na nilipofanikiwa kusimama, maji yakiwa kiunoni, nilimwona mama anakuja. Alikuwa amekunja gauni la kanisani mpaka magotini. Mkono mmoja ulikuwa na dodoki, mwingine na kipande cha sabuni ya mche. Nyuma yake, mchangani, palikuwa na beseni, taulo na kandambili zilizopangwa vizuri. Mume wangu alikuwa amejishika tumbo kwa kicheko na hakuwa na msaada wowote.

"Sasa utaogaje bila sabuni?" akauliza mama.

"Mama, mimi nilitaka ku..."

"Geuka."

Nikageuka. Kikundi changu kina msimamo mkali sana kuhusu sabuni ziwani, lakini hakuna mwanakikundi aliyekuwepo kunitetea. Alinisugua mgongo kama anasugua sufuria iliyoungua, na kwa mara ya kwanza tangu nifike akanigombeza. Nimewezaje kukataa maji ya moto asubuhi, kisha nikaingia kwenye nyumba za watu hivyo hivyo, na safari yote ya Nairobi mwilini? Kila mlango ilibidi awaombe watu wanivumilie, awaeleze kwamba huko kwetu maji ni ya shida na mgeni ameahidiwa ziwa. Kumbe ndizo zile pole zote. Akaniinua mkono, akasugua kwapa bila kuniomba ruhusa.

Yule mkaanga samaki alipaza sauti kutoka nchi kavu, akauliza jambo kwa Kihaya. Mama akajibu bila kusimamisha dodoki. Nikamtazama mume wangu, aliyekuwa amefika ukingoni mwa maji.

"Anasemaje?"

"Ameulizwa ni nani huyo anayemwogesha." Alijifuta machozi ya kicheko. "Amesema, ni mke wa mwanangu, kwao hawakumfundisha kuoga."

Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo nieleze tofauti ya kuoga na kuogelea. Nikaufunga. Nikainamisha kichwa ili aifikie shingo.