Ishara ya Kuinua

Usiku ule kaka yangu Kazungu, ambaye tulikuwa tumemzika siku thelathini na mbili nyuma, aliingia chumbani kwangu amevaa kofia yake ngumu ya bandarini. Akafungua kabati ambalo ufunguo wake ninao mimi peke yangu, akatoa viatu vya baleti vya binti yake.

"Haya, Dada. Tunachelewa."

Nirudi nyuma kidogo. Kazungu alikuwa mpiga ishara gatini. Alisimama chini ya winchi ya kuinulia mizigo na kumwongoza dereva kwa mikono, maana kwa kelele za pale sauti haifiki juu. Binti yake Dama ana miaka kumi na minne na hucheza baleti, ile dansi ya kusimama kwa ncha za vidole. Wiki moja kabla moyo haujamwangusha, Kazungu alikata tiketi mbili, yake na yangu. Mpango ulikuwa tutembee bandarini mchana kutwa kama watalii, jioni tukamwone mtoto.

Akafa, na onyesho likaangukia ndani ya matanga. Karisa, kaka yetu mkubwa, aliwaka: "Baba yake hata arobaini hajatimiza, naye akaruke jukwaani? Watu watuoneje?" Ndugu wote wakamuunga mkono. Kwetu matanga huanuliwa kwa neno la shangazi, hata kabla ya arobaini akiona vyema, kwa hiyo Dama alinitazama mimi.

"Shangazi, Baba alishakata tiketi."

Nilichukua viatu nikavifungia kabatini.

Sasa Kazungu amevishika mkononi na tunatoka. Mlango sikuuona, tulikuwa tayari kwenye feri ya Likoni, nimeng'ang'ania chuma kwa mikono miwili.

"Mtu mzima na mvi zako, bado unaogopa feri!" Ananicheka vile vile alivyonicheka tulipokuwa wadogo.

Kisha tupo gatini. Winchi zimesimama zote, hazina madereva. Kazungu anakwenda mpaka ukingoni, anayaangalia maji muda mrefu.

"Miaka yote nilitazama juu tu," anasema. "Kumbe maji yenyewe yako hivi."

Ninamnunulia muhogo wa kuchoma, wenye pilipili na ndimu. Anaushika, hauli. Ninauona ukipoa mkononi mwake. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba amekufa, na nikaona haya kumwambia.

Jua halikuzama, lakini ilikuwa jioni na tulikuwa tumekaa ukumbini, safu ya tatu. Dama yuko jukwaani peke yake, miguu mitupu. Viatu viko mapajani mwa baba yake. Muziki umeanza, mtoto hasogei. Kazungu anasimama.

"Mzee, kaa chini, hatuoni!" watu wa nyuma wanalalamika.

Kazungu hawasikii. Ananyoosha mkono, kidole kikielekea juu, anakizungusha polepole. Naijua ishara hiyo: inua. Dama hamwoni. Ananitazama mimi.

"Kazini kwetu," Kazungu akasema bila kugeuka, "ishara ya kusimamisha anaweza kuitoa yeyote, hata mfagiaji, na dereva atatii. Ya kuinua ina mwenyewe. Hapa mwenyewe si mimi, Dada."

Akaniwekea viatu mapajani. Vilikuwa na joto. Nikageuka kumuuliza kama amenikasirikia. Kwenye kiti chake palikuwa na ule muhogo tu.

Niliamka mkono wangu wa kulia ukiwa juu, umekufa ganzi, nikaushusha kwa mkono wa pili. Kulipopambazuka nilifungua kabati, nikampelekea Dama viatu vyake, nikamwambia matanga nimeyaanua. Hakunishukuru. Alikaa sakafuni akalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, huku akifunga na kufungua kamba za viatu.

Karisa nilimpigia simu. Alisema kama mtoto atacheza, yeye kwenye arobaini asihesabiwe, akakata.

Onyesho ni kesho kutwa. Tiketi ya Kazungu iko mezani hapa, kando ya yangu. Nimemwandikia Karisa kwamba kiti kile ni chake. Ameusoma ujumbe tangu saa nne asubuhi. Hajajibu.