Makohozi ya Naserian

Naserian wa Isinya aliwahi kumfukuza fisi kwa mwiko, lakini sauti ya kikohozi ilimtoa jasho. Mumewe, Lazarus, alivuta sigara miaka yote aliyochonga mawe. Saratani ya mapafu ilipoonekana, mwaka 1998, ilikuwa imeshamaliza kazi yake. "Mmechelewa," daktari alisema, na mwaka huohuo Naserian akamzika.

Kwa hiyo mwaka 2006, Naliaka, mhudumu wa afya, alipokuja kutoka Kitengela na vichupa, akieleza kwamba watafiti wanatafuta kitu kidogo ndani ya makohozi kinachoweza kuisaliti saratani kabla mtu hajaugua, Naserian alikuwa wa kwanza kuinua mkono.

"Koko, iwe asubuhi, kabla hujakula wala kunywa," Naliaka alimwambia, akimwita bibi kwa Kimaasai. "Kohoa kutoka ndani kabisa."

Sasa, jamani, kwa Wamaasai mate si uchafu. Mzee akikutemea, amekubariki. Naserian angempaje mgeni mate ya mdomo uliolala? Alichemsha magome ya olkiloriti, aina ya mgunga wa dawa, akasukutua vizuri, ndipo akakohoa. Hakuwa amekula wala kunywa, ati!

Wiki moja baadaye Naliaka alirudi uso umemshuka. "Koko, chupa yako iko na wekundu. Daktari anashuku ni damu. Anataka upigwe picha ya kifua."

Moyoni Naserian alikuwa ameshaanza kuwagawia watoto mbuzi.

Hospitalini picha ikapigwa, kisha daktari akauliza, "Asubuhi ile mama alikunywa nini?"

"Sikunywa. Nilisukutua tu na olkiloriti. Nikupe mate machafu, mimi?"

Naliaka akajishika kichwa. Ukiuchemsha mti huo, maji yake ni mekundu kama chai ya rangi! Daktari alicheka mpaka akavua miwani, halafu akampa chupa nyingine. Safari hii, asukutue kwa maji matupu.

Siku ya majibu Naserian hakutaka kuketi.

"Damu hakuna," daktari alisema. "Picha ni safi. Na kwenye makohozi hatujaona dalili yoyote tunayoijua. Tutayaweka upande wa watu wazima, tuyalinganishe na ya wagonjwa."

"Upande wa nani?"

"Wa wazima, mama. Wasio na ugonjwa."

Hapo ndipo akaketi, akalia bila aibu, Naliaka akimpapasa mgongo. Kisha akavuta pumzi ndefu mpaka chini. Kwa miaka minane kila pumzi yake aliitegea sikio. Hii aliivuta tu.