Wimbo wa Ng'ombe Aliyefiwa

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipa umri wa kuyakumbuka haya na moyo wa kuyasema bila kuficha.

Kila ninapofungua kibuyu cha maziwa yaliyofukizwa moshi, yale wanayoleta akina mama wa Garbatulla sokoni Isiolo, namwona mama yangu amechuchumaa ubavuni mwa ng'ombe wetu mwekundu. Ndama wake alikuwa amekufa kwa ukame. Mama alimtandikia ngozi ya ndama mbele yake ailambe, kisha akamwimbia mpaka maziwa yashuke.

Ndani ya wimbo huo alimtaja ndama, halafu mdogo wangu Guyo, aliyekufa katika ukame ule ule kabla hajaota meno. Aliimba visigino vyake, na mate yake yaliyomdondokea Mama begani. Basi, hakukuwa na lingine.

Nami nilikuwa msichana wa miaka tisa, ndiyo kwanza nimehitimu juzuu moja ya Kurani chuoni, nikajiona sheikh wa boma zima. Hata mbuzi niliwahubiria. Nikamwambia Mama kwamba wimbo usiofunza ni upuuzi, nikamtungia mwingine: swalini, watiini wazazi, msiseme uongo. Mama hakujua kusoma, akaniamini. Alijifunza mstari kwa mstari, kisha akaniuliza polepole, "Na Guyo nimweke wapi humu, mwanangu?"

"Guyo hana fundisho, Mama."

Hakunigombeza. Kesho yake aliimba wimbo wangu. Ng'ombe alilamba ngozi, maziwa yakashuka, nikajiona nimeshinda. Tangu siku hiyo mpaka Mama alipofariki, sikumsikia tena akilitaja jina la Guyo.

Nilikuja kuelewa nilipomzika binti yangu mwenyewe, nikatafuta maneno ya kumlilia nisipate ila mawaidha. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimlilia mwanawe. Nilikuwa nimelisoma hilo zamani. Siyadharau mawaidha, yamenilea. Lakini Mama alikuwa na pahali pamoja tu pa kulia, nami nikapajaza mafundisho.

Juzi kijana wa serikali ya kaunti alikuja nyumbani kwangu Chechelesi kurekodi nyimbo za zamani. Nilimwimbia ule wangu wote, mwanzo hadi mwisho. Nikamtajia wa Mama; alipouomba, sikuwa na hata ubeti mmoja kamili.

Ewe unayesoma, Mola awarehemu waliokulea, na akujalie kuwasikiliza waliobaki kabla hujawasahihisha. Amin.