Jiko la Nyuma la Gliceria

Editha Palmares alikuwa nesi Jeddah miaka thelathini na mmoja. Aliporudi kwao Miagao, Ufilipino, aliwaamsha ndugu zake saa kumi na moja kila alfajiri kama wagonjwa wa wodini, mpaka mdogo wake akahamia kwa jirani. Aibu ile ndiyo iliyomfanya aanzishe darasa lake la Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa, kuwaandaa wataalamu wanaorudi kustaafu. Sharti lake ni moja: siku arobaini za kwanza ishi kwako kama mgeni. Usihamishe hata kijiko.

Mwanafunzi wake mmoja, Injinia Wilfredo Monteclaro, aliyejenga madaraja Doha, alivumilia siku tisa. Siku ya kumi, mkewe Gliceria akiwa sokoni, alibomoa jiko la kuni la nyuma ya nyumba. Alitaka mkewe apikie ndani, kwenye jiko la vigae alilomjengea kwa pesa za ng'ambo. Gliceria alirudi, akatazama kifusi, akaingia ndani. Siku tatu hakumsemesha.

Wilfredo akaja kwa Editha na barua mfukoni.

"Dada, Doha wananiita tena. Jumatatu nawajibu. Pale nyumbani sina kazi."

Editha alikwisha kupoteza wanafunzi wawili namna hiyo. Hakumbembeleza.

"Mkeo alikuwa akikaa na nani jikoni kule nyuma?"

"Si peke yake?"

"Miaka ishirini na sita ya ndoa, Injinia, na hujui. Kamuulize. Halafu ufunge mdomo umsikilize."

Jumapili, baada ya misa, Editha alipita njia ya nyuma ya nyumba yao. Wilfredo alikuwa kifua wazi, anakanyaga udongo wa jiko jipya. Gliceria amekaa kwenye kigoda, na majirani watatu wamemzunguka.

"Figa hilo lisogeze," Gliceria aliamuru. "Siyo huko. Huko moshi utampiga Pacita machoni."

"Ndiye huyu fundi wa madaraja?" Pacita akauliza. "Mbona figa linayumba?"

"Madaraja hayachemshi wali, shoga. Mwache ajifunze."

Wilfredo alicheka kidogo, akajifuta jasho. "Nijenge kwa upana gani?"

"Sisi ni wanne." Gliceria aliokota jani sketini. "Weka nafasi ya watano. Kama utakuwepo."

"Nitakuwepo," alisema Wilfredo, akaanza kupima.